Kitabu cha Rafu ya Juu

Bibi aliichagua Jumatatu makusudi, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ya mapumziko ya mkwewe aliyefanya kazi maktaba, na jambo alilokuwa akilipeleka maktaba hakutaka mkwewe alisikie hata kwa mbali. Aliaga kwamba anakwenda kumjulia hali mwenzake anayesumbuliwa na magoti. Kitabu alikificha ndani ya mkoba wa sokoni chini ya vitunguu, na vitunguu vyenyewe alivichota jikoni mwao asubuhi ile. Mtu mzima na heshima zake anaiba vitunguu nyumbani kwake! Ujue mambo yalikuwa yamefika pabaya.

Mkuu wa maktaba alikuwa peke yake mezani akifungua magazeti ya siku hiyo. Watoto walimbatiza jina la Mzee Kimya, kwa sababu ndilo neno walilolisikia kwake kuliko mengine yote, na wakubwa nao wakalizoea. Alimvutia Bibi kiti.

"Sikai," alisema Bibi. "Nikikaa nitachelewa kuinuka. Nimeleta kesi."

Alichimbua vitunguu, akatoa kitabu chembamba chenye jalada la kijani, akakibwaga mezani na ganda la kitunguu likiwa limegandia juu.

"Hiki mnawapa watoto?"

"Ni cha watoto, ndiyo. Wale wakubwawakubwa kidogo."

"Wewe umekisoma?"

"Zamani."

"Basi kisome tena. Humo ndani kuna mtoto baba yake kafungwa. Mtoto anapigiwa pasi gauni lake zuri, anakwenda kumtazama gerezani kama anakwenda harusini. Na huko wanacheka! Jela, baba, watu wanacheka! Mtoto akisoma hivyo atajifunza nini? Kwamba jela ni mahali pa kawaida tu, kama posta?"

"Umekisoma chote?"

"Nilisoma pale kilipojifungua. Panatosha." Bibi alishusha sauti. "Kitoeni. Na jina langu lisitajwe."

"Jina la mlalamikaji hatulitaji kamwe," alisema Mzee Kimya. Alimfahamu vizuri. Alimwona miaka mingi akija kumchukua mjukuu wake sehemu ya watoto, na mama wa mjukuu huyo alikuwa mfanyakazi wake. Tena alijua zaidi ya hapo, maana magazeti yote ya mji huanzia mezani kwake, hata habari fupi zinazobanwa chini kabisa ya ukurasa wa ndani. Lakini hakuwahi kumuuliza mtu yeyote.

Na mimi sitawazungusha. Baba wa mtoto alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya malori, na betri mpya alikuwa akiziuza yeye mwenyewe mlango wa nyuma. Hakusingiziwa. Aliiba, akakamatwa, akakiri, akafungwa miaka miwili. Nyumbani kwake mkewe na mama yake walikaa jikoni, wakafunga mlango, wakakubaliana kwamba mtoto ataambiwa baba kapata kazi ya safari, mbali sana, huko simu hazishiki. Yeye mwenyewe huko ndani alisema hivyohivyo: mtoto asinione hivi. Mtoto wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa msemaji kweli, akianza kuhadithia amehadithia, ndiyo maana wakamwita Chiriku na mama yake akawa Mama Chiriku mpaka kazini. Basi Chiriku aliuliza mara mbili tatu baba anarudi lini, kisha akaacha kuuliza. Baada ya hapo akaacha karibu kila kitu, akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Wakubwa wake wakapumua. Walidhani amezoea.

*

Jumanne, Mzee Kimya aliwaita wafanyakazi wake wawili chumba cha nyuma, kile chenye meza ya kubandikia na birika la chai. Wa kwanza ni Bi Gundi, mwanamke mnene mcheshi anayetibu vitabu vilivyochanika, ambaye vidole vyake havijawahi kuwa visafi tangu aajiriwe. Wa pili ni Mama Chiriku.

"Kuna lalamiko," alisema Mzee Kimya, akaweka kitabu cha kijani katikati ya meza.

Mama Chiriku alikitambua mara moja. Kitabu kile yeye ndiye aliyekitoa rafu ya watoto. Wiki ile mumewe alipohukumiwa, alisubiri wenzake watoke, akakipandisha rafu ya juu kabisa upande wa ufundi, katikati ya vitabu vya injini za dizeli, mahali ambapo hata mafundi wenyewe hawafiki. Alikuwa amesoma maelezo ya nyuma na sura ya kwanza tu. Hakukichana, hakukitupa, na hilo lilimfariji kidogo. Lakini kila mkutubi anajua kwamba kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake hakina tofauti na kitabu kilichoungua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wa mazoezi maneno hayo.

"Nani kakileta?" aliuliza.

"Mama Chiriku," alisema Mzee Kimya kwa upole, "unajua utaratibu."

Utaratibu aliujua. Mlalamikaji hatajwi. Wafanyakazi wote watatu wanakisoma kitabu kuanzia jalada mpaka jalada, hata kama walishakisoma, na asiyesoma haongei. Halafu mmoja anakitetea, mmoja anakipinga, na Mkuu anakata shauri. Kwa miaka yote mtetezi alikuwa Mama Chiriku. Alishamtetea msichana wa hadithini aliyevunja ungo mbele za watu, akaja mzazi mmoja kupiga meza kwa ngumi, na Mama Chiriku akamwambia, "Baba, meza haijasema kitu." Alishatetea kitabu cha picha kilicholalamikiwa na mwalimu kwa kuwa watoto wakikisoma wanauliza maswali mengi. Kwa hiyo Bi Gundi alikuwa tayari amejiegemeza akingoja zamu yake ya kawaida ya kupinga, zamu aliyoizoea na kushindwa kwake alikokuzoea.

"Safari hii nitapinga mimi," alisema Mama Chiriku.

Bi Gundi alitoa macho. "We! Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka kutetea."

"Sasa mimi nitatetea nini? Mimi sijui kutetea, mimi nilisomea kushindwa."

Mzee Kimya alimwangalia Mama Chiriku, akamkabidhi Bi Gundi kitabu. "Tukutane Ijumaa tukishafunga," alisema.

*

Ijumaa ikafika. Mzee Kimya alikuwa amemaliza kusoma, Bi Gundi alikuwa amemaliza na kulia kidogo, na Mama Chiriku kila mara kitabu kilipomfikia alisema anakifahamu, wampitishie mwenzake.

"Anza," aliambiwa.

Alisimama, ingawa hakuna aliyewahi kusimama kwenye chumba kile cha watu watatu. Alisema mtoto ana haki ya kuwa mtoto. Kwamba yapo mambo ya wakubwa ambayo mzazi anayabeba ili mwanawe asiyabebe, na maktaba isimnyang'anye mzazi mzigo wake na kumtwisha mtoto. Kwamba mtoto ambaye baba yake yuko nje hana haja ya kitabu hicho, na yule ambaye baba yake yuko ndani atakiona kama kidole anachonyooshewa mbele ya darasa zima. Alisema vizuri.

"Haya, mtetezi."

Bi Gundi alijifuta vidole kwenye gauni. "Mimi maneno mazuri kama hayo sina. Ila najiuliza. Huyo mtoto ambaye baba yake yuko ndani, kidole si ananyooshewa siku zote? Shuleni wanajua, dukani wanajua. Tofauti ni kwamba kwenye kitabu kuna mwenzake. Pale kwingine yuko peke yake."

"Na akiwa hajui?"

"Hajui nini?"

"Kwamba baba yake yuko ndani. Nyumbani hawajamwambia. Sasa anakutana nayo kwenye rafu, hapa, kwetu. Sisi ndio tumwambie?"

"Kitabu hakisemi baba yako. Kinasema baba wa mtoto mmoja hivi."

"Mtoto si mjinga, Bi Gundi!"

"Basi kama si mjinga," alisema Bi Gundi taratibu, "anajua."

Birika lilianza kuimba peke yake na hakuna aliyeinuka kulizima.

"Mimi sikatai," Bi Gundi aliendelea, "yapo mambo humo yaliyonikera. Yule askari anayemtania mtoto sikumpenda. Mimi ningeandika mwenyewe ningemfanya mkali. Lakini tukitoa kila kitabu kinachomgusa mtu, rafu zitabaki na kamusi na mapishi."

"Na kamusi nayo ina neno jela," alisema Mzee Kimya. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akamgeukia Mama Chiriku. "Nina swali moja la utaratibu. Umesema mtoto ataona kidole. Ni sura ya ngapi?"

Mama Chiriku alitazama jalada la kijani.

"Hujakisoma?"

Alijaribu kujitia hamnazo, kusema alikisoma siku nyingi, kwamba anakumbuka kwa ujumla. Lakini aliyekuwa mbele yake ni mtu aliyempa kazi, aliyemfundisha hata kushika kitabu. Uso ulimwiva. Mbele ya Bi Gundi, ambaye hakumaliza shule na ambaye alikuwa amekisoma chote, alisema, "Sura ya kwanza tu."

"Basi hatujakutana," alisema Mzee Kimya, akamsogezea kitabu. "Kasome. Tutakutana Jumatatu."

"Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko."

"Najua."

*

Jumamosi mchana Chiriku alikuwa uani akifua soksi zake za shule. Mama yake aliketi sebuleni, akakitoa kitabu kwenye mfuko wa nailoni. Hata hajakifungua, Bibi akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Kimerudi?" alimaka Bibi. "Kitabu kile kile kimerudi humu ndani?"

"Kimerudi kutoka wapi, Mama?"

Bibi alitambua kwamba ameropoka, akajaribu kurudi jikoni, lakini mwanamke mwenye mwiko mkononi na kosa mdomoni hawezi kwenda mbali.

"Mama. Ni wewe uliyelalamika?"

"Ulitaka nifanye nini? Nilikikuta chini ya godoro la mtoto! Godoro nimeligeuza lianikwe, kitabu hicho hapo! Nikasema nikikuambia wewe utakufa kwa presha, na mtoto nikimuuliza nitamfumbua macho. Nikakirudisha kilikotoka."

"Chini ya godoro la Chiriku?"

"Sasa la nani? Langu?"

Mama Chiriku alijishika kifua. "Mimi nilikificha. Nilikiweka kwenye injini za dizeli."

"Umekificha wewe, nimekiondoa mimi, na mtoto bado kakisoma." Bibi alijiachia kwenye kiti. Hasira zilimwisha, zikabaki zile nguvu chache za mtu aliyezaa mwana mmoja tu na mwana huyo yuko mahali asipoweza kumpelekea hata maji ya moto. "Hii familia ina akili kweli?"

Mama Chiriku alikifungua kitabu ili tu macho yake yawe na pa kutazama. Ndipo akaona nyuzi.

Hapa lazima niseme jambo la nyumba hii. Walikuwa watu watatu wanaosoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu Mama Chiriku alikuwa akileta nakala moja na wote wakiitaka. Baba alikisoma akitoka kazini, mama baada ya kuosha vyombo, mtoto saa yoyote akiachiwa. Kukunja ncha ya ukurasa lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Kwa hiyo kila mtu alipewa uzi wake wa kuweka alama: baba wa buluu, mama mwekundu, mtoto wa njano. Na uzi wa mwenzio haukuguswa. Ungeweza kumtukana mtu katika nyumba ile na ukasamehewa kabla ya kulala, lakini si kumpotezea ukurasa.

Uzi wa njano ulikuwa ukurasa wa mwisho. Mtoto alikuwa amemaliza. Uzi wa buluu ulikuwa katikati ya kitabu, umenyooshwa vizuri kwenye kunjo la karatasi, mwanzo wa sura ambayo msichana anaamka alfajiri na bibi yake anampigia pasi gauni. Mzee Kimya na Bi Gundi walikuwa wameusoma ukurasa ule bila kuusogeza uzi, maana alama ya msomaji haitolewi na mtu mwingine, na huo pia ni utaratibu.

Bibi alisogea, akatazama. Siku ya godoro hasira hazikumwachia auone, lakini uzi wa mwanawe aliufahamu. Aliuona mara ngapi ukining'inia kwenye vitabu pembeni ya kitanda chake. Alianza kulia bila sauti, mwiko ukiwa umelala mapajani.

Mama Chiriku alisoma. Alisoma tangu mwanzo, kama alivyoagizwa, hajainuka hata mara moja, na chakula cha siku hiyo kikaungua sufuriani na hakuna aliyelalamika.

*

Alimkuta Chiriku uani, soksi zimeshakauka kambani na mtoto bado amekaa chini yake. Akakaa kando yake sakafuni.

"Ulijuaje?"

Chiriku alitazama kitabu, akatazama uso wa mama yake, akaona hakuna tena cha kulinda.

"Watu wa safari hupiga simu," alisema. "Hata mara moja. Halafu ile kalamu uliyosema Baba kaituma ilikuwa na lebo ya duka la pale kona. Na wewe ukienda semina unarudi macho mekundu. Semina gani hiyo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mimi nikiamini."

Mama Chiriku alikigeuza kitabu mkononi.

"Na kitabu? Nani alikuonyesha?"

"Nilikuwa natafuta vitabu vya magari, nione watu wa malori wanafanya kazi gani. Nikapanda ngazi, nikakiona." Kwa mara ya kwanza kitu kama utani kilipita machoni pake. "Namba yake ya mgongoni ni ya hadithi. Mzee Kimya angekikuta pale angekirudisha siku hiyohiyo. Bi Gundi hafiki juu, hata kwa ngazi anaogopa. Ni wewe tu ungeweza kukiacha."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilikasirika. Halafu nikakisoma, nikasahau kukasirika."

"Uzi wa Baba umeuweka katikati. Kwa nini si mwanzo?"

Chiriku aliinamia magoti yake. "Mwanzo una huzuni. Msichana analia sura tatu nzima. Nikaona Baba asianzie hapo. Huko aliko ya kwake inamtosha. Aanzie pale wanapoonana."

Mama ndiye aliyepaswa kumfariji mtoto. Alilia yeye, na mtoto ndiye aliyempa soksi ya kujifutia.

*

Jumatatu alikwenda kazini siku yake ya mapumziko. Hakusimama safari hii.

"Nimekisoma chote," aliwaambia wenzake, "na nina la kusema kabla sijaongea. Kitabu hiki mimi ndiye niliyekihamisha. Nilikipandisha rafu ya juu. Mume wangu hayuko safarini. Yuko gerezani, na aliiba kweli."

Bi Gundi alifungua mikono, gundi na vyote, akamkumbatia. "Shoga yangu! Mwaka mzima unakunywa chai na mimi, unanisimulia habari za huko safarini, mpaka hali ya hewa!"

"Nilikuwa naitafuta gazetini."

"Ya mji wa mbali," alisema Mzee Kimya. "Nilikuwa nakuona ukiikata."

Wote wawili walimgeukia. Mzee alianza kupanga magazeti ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

"Ulijua, Mkuu?"

"Hukuniambia. Ningeulizaje?" Alikohoa. "Sasa tuendelee. Unapinga au hupingi?"

"Sipingi. Ila kuna jambo. Niliyoyasema Ijumaa si yote yalikuwa uongo. Yupo mtoto atakayekiokota hapa akaumia, na mama yake atakuja kutupigia kelele, na mama huyo hatakuwa mbaya. Anaogopa tu. Naomba akija aletwe kwangu."

"Hilo nalikubali," alisema Bi Gundi. "Mimi watu wakilia nami nalia, kazi haiendi."

Mzee Kimya alikichukua kitabu, akakipeleka mwenyewe rafu ya watoto, ile ya chini ambayo mtoto huifikia bila kuomba msaada. Alirudi akajipangusa vumbi.

"Mlalamikaji anatakiwa kupewa jibu," alisema. "Jina silitaji, huo ndio utaratibu. Lakini nadhani jibu likipelekwa na wewe litafika mapema zaidi."

Mama Chiriku akacheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe. Kisha alikwenda rafu ya chini akakiazima kile kitabu kwa jina lake.

*

Siku ya kutembelea wafungwa wanaingia watu wawili tu kwa kila mfungwa, na mwezi ule ilikuwa zamu ya Bibi na mkwewe kama kawaida. Bibi alisema magoti yanamsumbua. Hayakuwa yakimsumbua hata kidogo. Aliamka kabla ya wote, akapasha pasi, akatandika blanketi mezani, akalipiga pasi gauni zuri la Chiriku, lile la kitambaa cha maua, mbele na nyuma, mpaka kwenye pindo. Mama Chiriku alisimama mlangoni akimtazama.

"Usiniangalie hivyo," alisema Bibi. "Mtoto hawezi kwenda amejikunja kama karatasi ya maandazi. Yule wa kitabuni alikwenda safi."

Getini walipanga foleni na wenzao. Askari wa kike aliwapapasa, akawavua viatu, akachungulia hadi ndani ya misuko ya nywele za Chiriku, na alipouliza "Mnamwona nani na kosa lake nini?" aliuliza kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. Mama Chiriku alijikaza akajibu kwa sauti ileile. Askari wa mezani alikishika kitabu, akakitikisa, uzi wa buluu ukadondoka.

"Hiki cha nani?"

"Tunampelekea mume wangu."

"Kinahusu nini?"

Mama Chiriku hakutaka uongo tena maishani mwake, angalau si asubuhi ile. "Msichana anayekwenda kumwona baba yake gerezani."

"Habari za magereza haziingii."

"Ni hadithi ya watoto, afande."

"Iwe ya watoto, iwe ya wazee. Haiingii. Utakichukua ukitoka."

Umetetea vitabu nusu ya umri wako, halafu unakutana na huyu. Mama Chiriku alivuta pumzi, hoja zote zikajipanga kichwani, kuanzia ya kwanza. Chiriku alimvuta mkono.

"Basi, Mama. Mimi nakijua chote." Aliokota uzi sakafuni, akaupenyeza tena kwenye ukurasa wake, akakiacha kitabu mezani kwa askari.

Chumba cha kuonania kilikuwa na wavu mrefu katikati na benchi kila upande. Baba aliingia na wenzake, amekonda, kichwa kimenyolewa, shati la wafungwa la rangi ya udongo likimpwaya mabegani. Alimwona mkewe kwanza. Kisha akamwona aliyekaa pembeni yake amevaa gauni la maua. Alisimama. Aligeuka kabisa, akaupa mlango uso wake, na bega lake likaanza kutikisika.

"Baba, usiondoke," alisema Chiriku. "Nina hadithi, na wamesema muda ni mfupi."

Baba hakugeuka.

"Nisipoianza sasa hivi haitaisha. Geuka basi. Kuna msichana mmoja, bibi yake anampigia pasi gauni..."

Aligeuka. Alikaa kwenye benchi, akaufunika uso kwa viganja, akasikiliza hivyo. Na Chiriku, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", alihadithia. Alifanya sauti ya msichana, akafanya sauti ya yule askari mtani ambaye Bi Gundi hakumpenda, akaruka mambo akayarudia, akatia chumvi. Taratibu viganja vikashuka. Mahali fulani, pale askari wa hadithini anapoketi juu ya keki ya mgeni, baba alicheka. Alicheka kwa sauti, gerezani, na hakuna askari aliyemzuia.

Kengele ikalia. Watu wakaanza kuinuka na kugusana vidole kwenye wavu.

"Halafu?" aliuliza baba. "Halafu ikawaje?"

"Muda umekwisha."

"Umefika wapi?"

"Pale msichana anataka kumuuliza baba yake kwa nini alifanya vile. Hajamuuliza bado."

Askari alimgusa baba bega, ainuke. Haraka baba akainamia mkono wa shati lake, akatafuta mahali pindo lilipoachia, akavuta uzi wa rangi ya udongo, akaukata kwa meno. Aliupenyeza kwenye tundu la wavu.

"Weka hapo tulipoishia," alisema. "Ukija tutaanzia hapohapo. Na yeye amuulize, usiruke."

"Lakini wako ni wa buluu."

"Wa buluu uuache nyumbani, niukute."

Getini walirudishiwa kitabu na viatu. Chiriku hakuvaa viatu kwanza. Alikaa kwenye benchi la nje, akautoa uzi wa buluu na kumpa mama yake autunze, akatafuta ukurasa walipoishia, akalaza hapo wa rangi ya udongo. Alikifunga kitabu, akafunga kamba za viatu, wakaondoka. Kabla hawajafika barabarani alikuwa ameshaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka nyumbani.